Mantra, mawimbi ya ubongo na usingizi uliopotea

Swali kutoka kwa msomaji wa Jinja

"Shikamoo Daktari. Mimi ni karani wa shule hapa Jinja, mama wa watoto watatu, nina miaka 43, tena ni Mkatoliki. Kwa muda mrefu usingizi umenipaa. Naamka saa nane usiku na mawazo ya karo, ya mama yangu mgonjwa na ya kazi, na silali tena mpaka jogoo awike. Mwenzangu amenipeleka kwenye kikundi kinachokutana Kampala kila Jumamosi. Tunakaa tumefumba macho dakika 20 tukirudia kimoyomoyo neno tulilopewa. Kiongozi anasema neno hilo lina mtetemo unaoushusha ubongo kutoka mawimbi ya beta hadi alfa, kisha theta, na kwamba sayansi imethibitisha. Anauza pia mkanda wa kichwani unaoonyesha mawimbi hayo kwenye simu. Je, ni kweli? Neno la kigeni lina nguvu kuliko maneno ya sala zangu? Kuna hatari yoyote? Na huo mkanda niununue?"

Jibu la mtaalamu

Marahaba, dada yangu. Kiongozi wenu yuko sahihi katika jambo moja: kurudia neno kimoyomoyo kwa muda (neno la namna hiyo huitwa mantra) hubadilisha mwenendo wa ubongo, na mabadiliko hayo yamepimwa zaidi ya mara moja katika maabara zinazoheshimika. Anapokosea ni pale anapoyafanya mawimbi yawe ndiyo faida yenyewe, na neno lake liwe ufunguo wa mawimbi hayo. Kazi yangu ni kusoma mawimbi ya ubongo, na nakuambia mapema kwamba nikionyeshwa rekodi yenye alfa nyingi bila kuelezwa habari za mwenye kichwa, siwezi kusema kama alikuwa katika taamuli (zoezi la kutuliza akili kama hilo lenu), alikuwa akisali rozari, au alikuwa amefumba macho tu akisubiri zamu yake.

Mawimbi ya ubongo ni umeme. Mjerumani Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili katika mji wa Jena, ndiye aliyeurekodi umeme huo kutoka kwenye kichwa cha binadamu mwaka 1924, na akauchapisha mwaka 1929, baada ya miaka mitano ya kujitilia shaka na kurudia vipimo. Ni umeme hafifu mno: ukiigawa volti moja mara milioni moja, wimbi la kawaida la alfa ni makumi machache tu ya vipande hivyo. Seli moja ya neva haiwezi kusikika nje ya fuvu. Kinachosikika ni maelfu kwa maelfu ya seli zinapopanda na kushuka kwa pamoja. Ukipita barabarani karibu na ule msikiti mkubwa wa Old Kampala wakati waumini wananong'ona dua, kila mtu na yake, hutasikia kitu; wakisema "amina" kwa pamoja, sauti inakufikia ulipo. Wimbi kubwa kwenye EEG, yaani kipimo cha umeme wa ubongo, ni ile "amina": linakuambia kwamba wengi wamekwenda pamoja, lakini halikuambii walikuwa wakiomba nini.

Kipimo chenyewe kina kero zake, na nitazitaja kwa sababu zinahusu ule mkanda unaouzwa. Kwa kawaida tunabandika elektrodi, yaani vijisahani vidogo vya kunasa umeme, 19 au zaidi juu ya ngozi ya kichwa, na kila moja lazima iguse ngozi hasa, si nywele. Mama aliyesuka huombwa afumue, aoshe kichwa na asipake mafuta, kisha tunagawanya nywele kidogo kidogo, tunasugua ngozi na kutia dawa ya kunata inayopitisha umeme. Hata baada ya hayo yote, anapopepesa kope mistari ya mbele hupanda na kushuka kwa kishindo, kwa kuwa jicho nalo lina umeme wake, mkubwa kuliko ule tunaoutafuta. Akibana meno, mistari ya pembeni hujaa vijiwimbi vya kasi, na asiyejua atadhani ubongo wa mama huyu umechachamaa kwa beta na gama, kumbe ni misuli ya taya. Tunamwambia alegeze mdomo, na ile "beta" inatoweka papo hapo.

Sasa majina. Mawimbi yameainishwa kwa kasi: delta ni chini ya mizunguko 4 kwa sekunde, theta ni kati ya 4 na 8, alfa kati ya 8 na 13, beta kati ya 13 na 30, na gama ni juu ya hapo. Hizi si ngazi ambazo ubongo hushuka kidato baada ya kidato. Yote huwapo kwa wakati mmoja, kwa viwango tofauti na katika sehemu tofauti za kichwa; mtu anaweza kuwa na alfa nyingi kisogoni na beta kwenye paji la uso katika sekunde ileile. Maneno "ubongo wangu uko kwenye theta" hayana maana ambayo mimi ningeweza kuipima.

Alfa ndiyo iliyompendeza Berger mwenyewe, na tangu mwanzo aliona tabia yake kuu: mtu akifumba macho, alfa huongezeka upande wa nyuma wa kichwa; akiyafumbua, hufifia. Kwa hiyo mnapofumba macho kikundini, alfa imekwisha kupanda kabla hujalitaja neno lenu hata mara moja. Anayetaka kujua mantra yenyewe imeongeza nini, hana budi kumlinganisha mtu anayerudia mantra na mtu aliyekaa kwenye kiti kilekile, amefumba macho vilevile, bila neno lolote. Ulinganisho huo ndio uliozua ubishi wa miaka mingi. Mwaka 1970 Robert Keith Wallace alichapisha katika jarida la Science vipimo vya watu waliofanya taamuli ipitayo fikra, ile inayoitwa kwa Kiingereza Transcendental Meditation na ambayo Maharishi Mahesh Yogi wa India alianza kuifundisha katika miaka ya 1950. Watu hao walitumia oksijeni kidogo zaidi, moyo ulipunguza kasi, na alfa iliongezeka. Dunia ilisisimka. Lakini mwaka 1984 mwanasaikolojia David Holmes alikusanya majaribio yaliyowalinganisha wafanya taamuli na watu waliopumzika tu, akaona kwamba katika mapigo ya moyo, pumzi na ishara nyingine za mwili hakuna tofauti ya kutegemewa kati ya makundi hayo mawili.

Tangu hapo watafiti wametafuta tofauti iliyojificha zaidi. Fred Travis na wenzake wamekuwa wakiripoti kwamba katika taamuli hiyo ile alfa ya polepole, ya mizunguko 8 hadi 10, huonekana pia upande wa mbele wa kichwa, na kwamba mawimbi ya sehemu mbalimbali za mbele hulingana zaidi. Naliona kuwa jambo la kuzingatiwa, ingawa sehemu kubwa ya kazi hiyo imetoka katika chuo kikuu kilichoanzishwa na Maharishi mwenyewe huko Iowa, Marekani. Kwa hali hiyo mtu mwenye busara husubiri wasio na undugu na mbinu hiyo wapime na kupata yaleyale.

Theta ndiyo inayochanganya watu zaidi. Kuna theta ya mtu anayesinzia: alfa inavunjikavunjika, macho yanaanza kuzunguka polepole chini ya kope, na mawimbi mapana ya theta yanaingia. Hicho ni kizingiti cha usingizi, na kila mmoja wetu hukipita kila usiku. Kuna pia theta ya katikati ya paji la uso, ambayo huongezeka mtu anapokaza akili, kwa mfano anapofanya hesabu kichwani. Herufi ni moja, lakini hali za akili ni mbili zinazopingana. Mtu akikuambia amefika theta, swali la kwanza ni: ipi? Mwaka 1976, katika jarida lilelile la Science, kundi la Robert Pagano lilipima wafanya taamuli watano wazoefu na kukuta kwamba sehemu isiyo ndogo ya muda wao wa taamuli waliutumia wakiwa wamelala usingizi halisi, mwingine mzito kabisa. Silisemi hili kwa kejeli. Kwa mama ambaye hajalala vizuri kwa miezi, kusinzia kidogo Jumamosi alasiri huenda kukawa ndiko kulikomfanya atoke kikundini akijisikia mtu mpya.

Na ukisikia habari za gama, kwamba watawa wa Tibet walipimwa wakaonekana na gama ya ajabu, ujue utafiti huo upo: ulichapishwa mwaka 2004 na Antoine Lutz, Richard Davidson na wenzao, kwa watawa waliokuwa wamefanya mazoezi kwa saa zisizopungua 10,000. Lakini zoezi walilopimwa nalo lilikuwa la kuamsha huruma kwa viumbe wote, bila kurudia neno. Wauzaji hupenda kuchanganya mambo haya.

Nikiacha mawimbi, ndipo ninapokuwa na mengi ya kukuambia, kwa kuwa naamini mantra inafanya kazi kupitia njia mbili zinazoeleweka vizuri: sauti ya ndani na pumzi.

Anza na sauti ya ndani. Mtu anapowaza kwa maneno, hutumia kwa sehemu kubwa maeneo yaleyale ya ubongo anayoyatumia kusema na kusikia, hasa upande wa kushoto. Mwaka 1974 Waingereza Alan Baddeley na Graham Hitch walieleza kwamba kumbukumbu yetu ya muda mfupi ina kijisehemu kinachozungusha maneno ili yasipotee, na kwamba kijisehemu hicho ni finyu. Unaweza kujipima mwenyewe. Mwambie mwanao akutajie namba ya simu usiyoijua, na wakati huohuo wewe urudie "maji, maji, maji" bila kusita. Namba itakuponyoka, ingawa kwa kawaida ungeishika bila shida, kwa sababu mahali pa kuizungushia pamekaliwa. Sasa fikiria saa nane usiku. Kinachokuamsha kabisa si karo yenyewe, maana ofisi ya shule imefungwa na huwezi kulipa saa hiyo. Ni yale maneno yanayojizungusha: nitamwambia nini mkuu wa shule, mama akizidiwa nani atakaa naye, na kwa nini nilikubali kazi ile ya ziada. Neno linalorudiwa polepole hukalia kiti hicho hicho. Mawazo hayafi, yanarudi, lakini hayapati nafasi ya kuwa sentensi ndefu.

Waisraeli wamelipima jambo hili kwa namna niipendayo kuliko tafiti nyingine zote za mantra. Mwaka 2015 Aviva Berkovich-Ohana na wenzake waliwaweka katika mashine ya MRI, inayopiga picha za ubongo ukiwa kazini, watu 23 ambao hawakuwa wafanya taamuli, wakawaambia warudie kimoyomoyo neno moja la Kiebrania, "echad", yaani moja. Hapakuwa na mwalimu wala siri yoyote. Ikilinganishwa na kukaa kimya bila kufanya kitu, kurudia neno hilo kulipunguza shughuli katika maeneo mengi ya gamba la ubongo, na zaidi katika ule mtandao ambao Marcus Raichle na wenzake wa St. Louis waliueleza mwaka 2001: mtandao unaochangamka mtu anapokuwa hana kazi ya mikono wala ya macho, akawa anajiwazia mwenyewe, ya jana yake, ya kesho yake na watu walivyomtendea. Hapo ndipo ninapoiona nguvu ya mantra, na utaona kwamba haikuhitaji miaka ya mazoezi, wala mtetemo, wala neno lililotoka mbali.

Njia ya pili ni pumzi. Mwaka 2001 Mwitalia Luciano Bernardi na wenzake walichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza vipimo vya watu wazima 23 wenye afya nzuri, waliosali Salamu Maria kwa Kilatini kama inavyosaliwa katika rozari, na pia wakatamka mantra maarufu ya Kibuddha. Vyote viwili vilishusha pumzi hadi mara 6 hivi kwa dakika, yaani pumzi moja kila sekunde 10. Kasi hiyo inakutana na mdundo wa asili wa shinikizo la damu, ambalo nalo hupanda na kushuka kidogo kila baada ya sekunde 10 hivi. Mishipa mikubwa ya shingoni na karibu na moyo ina vipima-shinikizo vinavyouarifu ubongo. Pumzi ikienda kwa mdundo ule, mawasiliano hayo huwa makali zaidi, na moyo hujirekebisha kwa wepesi zaidi. Kisayansi, rozari na mantra zilitoka sare.

Kwa hiyo swali lako la pili, kuhusu neno la kigeni, limekwisha kujibiwa na Bernardi na wenzake. Haijapata kuonyeshwa kwamba neno la kigeni lina nguvu kuliko lako. Herbert Benson wa Harvard, aliyefanya kazi na Wallace katika vipimo vya mwanzo, aliandika mwaka 1975 kwamba wagonjwa wake walipata utulivu uleule kwa kurudia neno la Kiingereza lenye maana ya moja, au neno lolote la dini yao. Hapa Uganda hatuna upungufu wa maneno ya kurudia. Waislamu baada ya swala huvuta tasbihi, Subhanallah mara 33, Alhamdulillahi mara 33, Allahu Akbar mara 34. Wabahai, ambao hekalu lao liko kilimani Kikaya tangu 1961, hutaja jina la Mungu mara 95 kwa siku. Na wewe una rozari mkobani. Kama kutumia neno la dini nyingine ni halali kwako kiimani, hilo si la maabara; muulize paroko wako. Ninachoweza kusema ni kwamba mwili wako hautapungukiwa na kitu ukitumia lako. Sharti ni moja tu, usilikimbize. Salamu Maria tuisalivyo wengi wetu kwenye matanga, ya mwenzako haijaisha nawe umekwisha anza yako, haikupi pumzi ya sekunde 10.

Kama zoezi hili linaponya kitu, hilo linahitaji uangalifu. Mwaka 2014 timu ya Madhav Goyal wa Johns Hopkins ilipitia majaribio 47 ya aina mbalimbali za taamuli, yenye washiriki 3,515, na kwa upande wa mantra haikupata ushahidi wa kutosha kwamba inapita matibabu mengine ya kulinganishia. Mara nyingi majaribio yalikuwa machache au dhaifu. Mwaka mmoja kabla, chama cha moyo cha Marekani kilisema kwamba taamuli ipitayo fikra inaweza kufikiriwa kama nyongeza kwa watu wenye shinikizo la juu la damu, nayo ni lugha ya tahadhari sana. Kuna pia utafiti uliofanyika hapa kwetu Kampala, uliochapishwa mwaka 2013: wakimbizi 42 kutoka Kongo waliobeba majeraha ya vita, jirani zetu tunaosalimiana nao kwa Kiswahili kule Katwe na Nsambya. Kati yao 21 walifundishwa taamuli hiyo na 21 wakawa kundi la kulinganishia. Baada ya siku 30 dalili za kiwewe kwa waliofundishwa zilikuwa zimeshuka mno, hali wenzao walibaki palepale au wakazidi. Ni matokeo ya kutia moyo, lakini watu hawakugawanywa kwa kura, wale wengine hawakupewa chochote, hata mtu wa kukaa nao na kuwasikiliza, na miongoni mwa watafiti alikuwamo Travis niliyemtaja.

Utafiti unaokuhusu zaidi wewe ni wa Jill Bormann na wenzake, wa mwaka 2018, kwa askari wastaafu 173 wa Marekani wenye kiwewe cha vita. Hawa waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilifundishwa kuchagua neno takatifu la dini yao wenyewe na kulirudia kimya wakati wowote wa siku, wakiwa foleni au wakienda kulala. Kundi jingine lilipata tiba ya mazungumzo. Waliorudia neno walipata nafuu kubwa zaidi ya dalili za kiwewe, na usingizi wao ulitengemaa zaidi. Wewe si askari, na kiwewe si sawa na mawazo ya karo, kwa hiyo usichukue matokeo hayo kama ahadi. Lakini yanatosha kunifanya nikuambie ujaribu.

Kuhusu hatari, kwa watu wengi ni ndogo, ila zipo. Wapo ambao wakikaa kimya na kufumba macho wasiwasi huwazidi badala ya kupungua, moyo unawaenda mbio, na waliopitia mabaya huona picha za yaliyowapata. Hao wafumbue macho, waache, wasilazimishwe na kiongozi yeyote kwa madai kwamba "sumu inatoka". Aliyewahi kusikia sauti zisizokuwapo au kulazwa kwa ugonjwa wa akili asianze taamuli za muda mrefu bila kuzungumza na daktari wake. Mwenye kifafa asiache dawa hata siku moja kwa kuambiwa kwamba mawimbi yake yametulia. Hii ndiyo hatari ninayoiogopa kuliko zote, kwa dawa za kifafa, za shinikizo la damu na za sonona vilevile.

Ukitaka kuendelea, fanya zoezi mchana kwanza, dakika 15 hivi, mahali usipogutushwa, hata kama ni kwenye kiti ofisini wanafunzi wamekwisha kwenda nyumbani. Likijenga mazoea, mwili utalitambua usiku. Ukiamka saa nane, lirudie polepole pamoja na pumzi, lakini usilitumie kuulazimisha usingizi, kwa sababu juhudi ya kulala nayo humweka mtu macho. Nia iwe kukaa na neno, usingizi uje au usije. Usitazame saa. Zikipita kama dakika 20 na bado uko macho, ondoka kitandani, kaa penye mwanga hafifu, rudi unaposikia kope nzito. Amka saa ileile kila asubuhi hata kama umelala vibaya, na chai ya rangi na kahawa ziishie mchana. Ratiba hiyo ya kitanda, ambayo ni sehemu ya tiba ya kisaikolojia ya kukosa usingizi, ina ushahidi mzito kuliko mantra, nami singependa uiache kwa ajili ya mantra.

Lakini kuamka usiku wa manane kila siku kunaweza kuwa na chanzo kingine. Kama pamoja na hilo hamu ya chakula imekuisha, huoni raha katika mambo uliyoyapenda, au umewaza kwamba afadhali usingekuwapo, nenda kituo cha afya wiki hii, usisubiri Jumamosi ya kikundi. Hizo ni dalili za sonona na zina tiba. Mwambie pia mhudumu kama unakoroma sana na kuamka ukitweta, kama unaamka umelowa jasho, na mtajie dawa zote unazomeza, kwa kuwa baadhi yake huvuruga usingizi.

Mkanda usinunue. Vifaa vya aina hiyo kwa kawaida hukaa kwenye paji la uso na nyuma ya masikio, mahali ambapo macho na misuli ya taya inaongea kwa sauti kubwa kuliko ubongo, na vina elektrodi chache mno kulinganisha na zetu. Simu itakuonyesha rangi nzuri utakapotuliza kope na kulegeza meno, nawe utadhani umefika theta. Chukua daftari la shule, kila asubuhi uandike ulilala saa ngapi, uliamka mara ngapi, ulikaa macho kwa kadiri gani, na kama jana yake ulifanya zoezi. Baada ya wiki nne au sita utaona kama kuna mabadiliko, na ukifika kwa daktari umwonyeshe. Ningekuwa mimi, ningelisoma daftari hilo kabla ya kufikiria kipimo chochote, na EEG nisingeiagiza, kwa kuwa mtu anayekosa usingizi bila dalili za kifafa kwa kawaida haihitaji.